Ilitoka kwa Nani? Sarafu ya Mfalme Farouk na Nasaba ya Mali Tuliyo Nayo



Wapendwa waamini, siku moja baada ya Misa ya asubuhi alitujia mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, akiwa na kopo la zamani lililofungwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na rupia saba za fedha zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma yenye umbo la tai, pamoja na sarafu ndogo za wakati huohuo, zile zilizoitwa heller, ambazo zimetuachia katika Kiswahili neno “hela”. Alitaka kujua mambo mawili: je, zina thamani gani, na je, ni halali kuziuza ili kumlipia mjukuu wake ada ya shule?

Nasi tulimwuliza swali moja tu: “Mzee, ulizipata wapi?” Akajibu: “Nilizipata tu, Baba.”

Jibu hilo ni la kawaida sana katika lugha yetu. Kitenzi “kupata” kina adabu nyingi: kinataja aliyepokea na kumficha aliyetoa. Mtu amepata kiwanja, amepata gari, amepata kazi. Lakini kila kilichopatikana kilitoka mahali fulani, mikononi mwa mtu fulani, kwa njia fulani. Katika makala hii, tuliyoiandika kwa idhini ya mzee huyo na bila kulitaja jina lake, tunapenda kulitafakari swali hilo la asili kwa kutumia mfano wa sarafu moja maarufu duniani, iliyokuwa katika mkusanyo wa Mfalme Farouk wa Misri. Kisha tutarejea kwenye kopo la mzee wetu.

Nasaba ya sarafu ni nini?

Wataalamu wa vitu vya kale, wanapoletewa sarafu, hawatazami tu madini na uzito wake. Wanauliza pia historia ya umiliki wake: nani aliitengeneza, nani aliimiliki kwanza, nani alimwuzia nani, lini, na kwa hati gani. Sisi tutaiita historia hiyo nasaba ya sarafu. Kama vile Mwinjili Mathayo anavyoanza Injili yake kwa kutaja vizazi vya Bwana wetu kimoja baada ya kingine, ndivyo nasaba ya kitu inavyotaja mikono yote iliyokishika. Mkono mmoja ukikosekana, shaka huingia hapohapo.

Ushahidi wa nasaba hutafutwa katika sehemu tatu. Kwanza, sarafu yenyewe. Sarafu za kale ziligongwa kwa nyundo moja moja, hivyo hakuna mbili zinazofanana kabisa. Picha iliyochapwa katika orodha ya mnada wa miaka mingi iliyopita inaweza kulinganishwa na sarafu iliyopo mkononi leo, ufa kwa ufa. Sarafu za mashine zinafanana mno, na hapo mtaalamu hutegemea mikwaruzo midogo tu. Pili, maandishi: orodha za minada, stakabadhi, barua, leseni, na vikaratasi vidogo ambavyo wakusanyaji huweka pamoja na sarafu zao. Tatu, ushuhuda wa watu.

Kila sehemu ina udhaifu wake, na maandishi nayo yanaweza kudanganya. Mwezi Oktoba 2020 iliuzwa mjini London sarafu ya dhahabu ya Bruto, mmoja wa wauaji wa Julius Kaisari, iliyogongwa mwaka 42 kabla ya Kristo. Bei yake ilizidi pauni milioni 3 za Uingereza. Karatasi zilisema kwamba ilitoka katika mkusanyo wa siku nyingi wa ukoo mmoja wa kibaroni. Baadaye wapelelezi wa mjini New York waligundua kwamba nasaba hiyo ilikuwa ya kubuni, na mwezi Machi 2023 sarafu ikarudishwa Ugiriki. Dhahabu ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa katika karatasi.

Sarafu ambayo haikutakiwa kuwepo

Tuje sasa kwenye mfano wetu mkuu. Marekani ilikuwa na sarafu ya dhahabu ya dola 10 iliyoitwa Eagle, yaani “Tai”. Ile ya dola 20 iliitwa Double Eagle, nasi tunaweza kuiita “Tai Maradufu”. Ina uzito wa gramu 33.4, na sehemu tisa katika kumi za uzito huo ni dhahabu. Sura yake ilichorwa na mchongaji Augustus Saint-Gaudens, na ilianza kutolewa mwaka 1907. Toleo la kwanza halikuwa na maneno ya kumtumainia Mungu, kwa kuwa Rais Theodore Roosevelt aliona kwamba kuliandika jina la Mungu juu ya fedha kunakaribia kufuru. Bunge la nchi hiyo liliamua vingine, na tangu mwaka 1908 maneno hayo yakawekwa.

Mwaka 1933, uchumi ukiwa umeanguka na watu wakikimbilia kutoa dhahabu yao katika mabenki, Rais Franklin Roosevelt alitoa amri tarehe 5 Aprili ya kuwataka wananchi waikabidhi dhahabu yao kwa serikali, isipokuwa kiasi kidogo na zile sarafu adimu zenye thamani ya pekee kwa wakusanyaji. Wakati huohuo kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilikuwa kikitengeneza Tai Maradufu zenye mwaka 1933. Zilitengenezwa 445,500. Hazikutolewa kwa wananchi. Mbili zilipelekwa katika taasisi ya makumbusho ya Smithsonian, na nyingine zikaamriwa ziyeyushwe, kazi iliyofanyika mwaka 1937.

Kadiri ya vitabu vya kiwanda, basi, duniani zilipaswa kubaki sarafu mbili tu za aina hiyo, tena ndani ya kabati la makumbusho.

Kutoka Philadelphia hadi Cairo

Hata hivyo, baada ya miaka michache sarafu za mwaka 1933 zilianza kuuzwa kwa siri kati ya wakusanyaji. Wapelelezi walipofuatilia mlolongo wa wauzaji, walijikuta kila mara wakirudi kwa mtu mmoja: sonara wa Philadelphia aliyeitwa Israel Switt. Yeye alikiri kwamba aliuza tisa, lakini akasema hakumbuki alizipata kwa nani. Tazameni, ndugu, jinsi jibu hilo linavyofanana na lile la mzee wetu! Muda wa kumshtaki kisheria ulikuwa umekwisha pita, hivyo hakufikishwa mahakamani.

Sarafu moja kati ya hizo ilinunuliwa kwa niaba ya Mfalme Farouk wa Misri, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa karne ya 20. Mfalme huyo kijana, aliyetawala tangu mwaka 1936, alikusanya karibu kila kitu: stempu, saa, vito, na maelfu ya sarafu. Mwezi Februari 1944 ubalozi wake mjini Washington ulifuata utaratibu kwa uaminifu: uliipeleka sarafu Hazina ya Marekani na kuomba leseni ya kuisafirisha nje. Hazina ikaipeleka Smithsonian kwa mtunzaji wa sarafu, naye akathibitisha kwamba ilikuwa na thamani ya pekee kwa wakusanyaji. Tarehe 29 Februari 1944 leseni ikatolewa.

Katika ofisi hizo hakuna aliyeuliza swali la nasaba. Waliuliza, “Je, ni adimu?” Hawakuuliza, “Je, ilitokaje kiwandani?” Mwezi uliofuata, mwandishi mmoja wa gazeti aliiona sarafu ya aina hiyo imetangazwa katika mnada wa New York, akawauliza wakuu wa kiwanda zilitolewa ngapi. Walipofungua vitabu vyao wakashtuka: hakuna hata moja iliyotolewa. Upelelezi ukaanza, nazo sarafu zikafuatwa kwa wenyewe mmoja mmoja, zikachukuliwa na kuyeyushwa. Lakini ile ya Farouk ilikuwa imekwisha ondoka, tena ikiwa na leseni yenye saini ya serikali ileile iliyosema kwamba ni ya wizi. Ulikuwa wakati wa vita kuu, Misri ilikuwa rafiki muhimu, na haikuonekana busara kumsumbua mfalme kwa ajili ya sarafu moja.

Kupotea na kuonekana tena

Mwezi Julai 1952 Farouk alipinduliwa na wanajeshi, akaenda uhamishoni. Serikali mpya ikaamua kuuza mali zake kwa mnada mjini Cairo, mwanzoni mwa mwaka 1954, na orodha ya mnada ikaandaliwa na kampuni ya Sotheby. Tai Maradufu ya mwaka 1933 ilikuwa katika orodha hiyo. Marekani iliomba iondolewe, nayo ikaondolewa. Baada ya hapo haikuonekana tena hadharani kwa miaka zaidi ya arobaini.

Mwezi Februari 1996 mfanyabiashara wa sarafu kutoka Uingereza aliingia katika hoteli moja mjini New York akiwa na Tai Maradufu ya mwaka 1933. Watu aliodhani ni wanunuzi walikuwa maofisa wa usalama. Alikamatwa, ingawa mashtaka ya jinai yalifutwa baadaye, na shauri likabaki juu ya sarafu yenyewe: ni ya nani? Utetezi wake ulikuwa hoja ya nasaba. Alidai kwamba sarafu hiyo aliipata kutoka kwa sonara wa Misri, na kwamba ndiyo ileile ya Mfalme Farouk, iliyotoka Marekani kwa leseni. Kama ni hiyo, serikali ingewezaje kuiita mali ya wizi, hali iliipatia ruhusa?

Sarafu ya mashine haina sura yake ya pekee, na hati ya kila mkono tangu Cairo haikuwepo. Lakini leseni ya mwaka 1944 ilikuwepo. Mwaka 2001 pande mbili zilipatana: sarafu itauzwa, na fedha zitagawanywa nusu kwa nusu. Ilikuwa imehifadhiwa katika majengo ya World Trade Center mjini New York. Mwezi Julai 2001 ikahamishiwa ngome ya Fort Knox, majuma machache tu kabla ya majengo yale kuanguka mwezi Septemba.

Tarehe 30 Julai 2002 iliuzwa kwa dola milioni 7.59, ikaongezwa dola 20 nyingine. Dola hizo 20 zina maana kubwa. Kwa kuwa sarafu haikuwahi kutolewa kihalali, kisheria haikuwa fedha bado. Mnunuzi alilazimika kuilipia serikali thamani iliyoandikwa juu yake ndipo ihesabiwe kuwa imetolewa. Mwaka 2021 iliuzwa tena, safari hii kwa dola milioni 18.9.

Sarafu kumi za sandukuni

Kisa hakikuishia hapo. Baada ya mnada wa mwaka 2002, ukoo wa yule sonara ulieleza kwamba umekuta sarafu kumi za aina hiyohiyo katika sanduku lao la benki. Wakazipeleka serikalini zithibitishwe, nayo serikali ikazithibitisha kuwa za kweli na ikakataa kuzirudisha.

Mahakamani hoja kuu ilikuwa vitabu vya hesabu. Ukoo ulisema kwamba kati ya kuanza kwa utengenezaji na amri ya Rais zilipita siku kadhaa, na mtu angeweza kubadilisha dhahabu yake kwa sarafu mpya dirishani bila kosa. Serikali ikaleta daftari za watunza fedha wa kiwanda za mwaka 1933, zilizoandikwa siku kwa siku, nazo hazikuonyesha kwamba hata sarafu moja ya mwaka huo ilitolewa kwa mwananchi. Mwaka 2011 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba sarafu hizo ziliibwa. Rufaa zilifuata, mara upande huu ukishinda, mara upande ule, hadi mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilipoipa serikali haki, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kulisikiliza shauri tena.

Hivyo basi, tuna sarafu kumi na moja zinazofanana, za mwaka mmoja na kiwanda kimoja, na kadiri ya upelelezi zote zilipitia mikono ya mtu yuleyule. Moja imeuzwa kwa mamilioni. Kumi haziwezi kuuzwa hata kwa senti. Tofauti yake ni karatasi moja iliyosainiwa mwaka 1944 na maofisa waliosahau kuuliza.

Tunajifunza nini?

Mtu anaweza kusema: basi, jambo la maana ni kuwa na karatasi. La hasha. Sheria ilifanya ilivyoweza, na mapatano ya mwaka 2001 yalikuwa na busara yake. Lakini dhamiri ya Mkristo haiishii pale leseni inapoanzia. Karatasi inaweza kukosewa, kama Washington, au kughushiwa, kama ile ya sarafu ya Bruto. Ni wangapi katika nchi zetu wana hati safi ya kiwanja ambacho mjane fulani bado anakililia?

Amri ya Saba ya Mungu haikatazi tu kuchukua. Inakataza pia kushikilia isivyo haki kitu cha mwingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2412, inafundisha kwamba haki inadai kitu kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Zakayo hakuridhika kusikitika; alihesabu na kuahidi kurudisha mara nne (rej. Lk 19:8). Na ili mtu arudishe, sharti kwanza ajue amrudishie nani. Kwa sababu hiyo, kuitafuta nasaba ya mali ni sehemu ya toba.

Je, vipi kuhusu kitu kilichookotwa? Mtakatifu Thoma wa Akwino analijadili jambo hilo anapofundisha juu ya wizi. Anatofautisha hazina ya kale isiyo na mwenyewe, ambayo aliyeiona anaweza kuitwaa kadiri ya sheria ya nchi, na kitu ambacho mwenyewe yupo au anaweza kujulikana. Hicho, aliyekiona akikaa nacho kwa nia ya kukificha, ametenda wizi. Anakumbusha pia mfano wa hazina iliyofichwa shambani (rej. Mt 13:44): mtu yule aliyeiona alikwenda kwanza kulinunua shamba.

Kwa upande wa parokia na taasisi zetu, Mama Kanisa ametupatia utaratibu ulio wazi. Kanuni ya 1283 ya Sheria za Kanisa inawadai wasimamizi wa mali waandike orodha kamili ya mali, zikiwemo zile za thamani na za kiutamaduni; nakala moja itunzwe katika ofisi ya taasisi, nyingine katika kuria ya Jimbo. Kanuni ya 1292 inaongeza kwamba vitu vyenye thamani ya kisanaa au ya kihistoria haviwezi kuuzwa kihalali bila idhini ya Kiti Kitakatifu. Kalisi ya wamisionari wa kwanza, kengele, sanamu ya mbao, kitabu cha ubatizo: je, tunajua vilitoka wapi, na vimeandikwa wapi? Waliotunza daftari za Philadelphia mwaka 1933 hawakujua kwamba baada ya miaka sabini na minane kurasa zao zingesomwa mahakamani. Waliandika tu kilichotokea siku ile, kwa uaminifu.

Turejee kwenye kopo

Yule mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akatueleza. Miaka mingi iliyopita alikuwa miongoni mwa vibarua waliobomoa ghala la zamani la misheni. Kopo lilidondoka kutoka ukutani wakati wenzake wamekwenda kula. Alilificha chini ya mchanga, akalirudia jioni. “Sikuiba, Baba,” alisema, “ila sikumwambia mtu.” Na kwa miaka yote hiyo hakuthubutu kuuza hata moja.

Bei ya rupia hizo si kubwa. Si Tai Maradufu. Tulimweleza hivyo waziwazi. Hata hivyo, mwenyewe ni nani? Huenda ni misheni. Huenda ni mfanyakazi aliyeuficha mshahara wake ukutani vita vya mwaka 1914 vilipoanza, na wajukuu wake bado wanasali kanisani kwetu. Mapadre Weupe walikuwa na desturi ya kuandika kitabu cha kumbukumbu za kila siku, nasi tumeanza kuvisoma vitabu hivyo ukurasa kwa ukurasa. Hatujapata jibu bado. Kopo limeandikwa katika orodha ya parokia, pamoja na jina la aliyelileta, siku na mahali lilipopatikana, naye amepewa stakabadhi yenye saini mbili.

Kuhusu ada ya mjukuu, Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ya mzee huyo imelibeba jambo hilo, na mtoto yupo shuleni.

Wapendwa, tunawaalika kila mmoja wenu azitazame mali zilizomo nyumbani mwake na kujiuliza, bila hofu: hiki kilitoka kwa nani? Palipo na jibu jema, mshukuruni Mungu na mliandike kwa ajili ya watoto wenu. Palipo na kimya, mlango wa paroko wenu uko wazi.